Vitabu Vitatu Kabla ya Ziwa

Kiwandani walimwita Bi Koma, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Wiki yake ya pili kazini, mpangaji herufi mmoja mwenye maneno mengi alimrudishia ukurasa huku akinung'unika kwamba koma alizoongeza zimezidi, msomaji gani anayejali vitu vile. Mama yule, enzi hizo msichana mwembamba wa miaka ishirini na sita, hakuinua hata macho.

"Koma wewe," akamjibu.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpangaji herufi alikwisha kustaafu, jina likabaki.

Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla kitabu hakijaingia mtamboni. Alikaa katika kichumba nyuma ya mashine ya kukunja karatasi, meza ikitetemeka kutwa kama ina homa. Juu yake palikuwa na rula ya chuma, kalamu mbili nyekundu, na kamusi ambayo mgongo wake ulikuwa umebandikwa upya mara tatu. Kila ukurasa aliupitia kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha neno moja moja kutoka mwisho kurudi mwanzo, ili maana isimpumbaze.

"Maana ni mwizi," aliwaambia wageni wa kazi. "Ukiifuata, herufi zinakutoroka."

Na kweli, hazikumtoroka. Kuna kadi ya harusi iliyowahi kuletwa ikisema kwamba baada ya ndoa wageni wote "watakufa ukumbini". Bi Koma aliirudisha l mahali pake, watu mia tatu wakala wali wao salama. Alisoma vitabu vya shule, kalenda, karatasi za dawa, riwaya, hotuba za watu wakubwa. Kwa miaka ishirini na saba mameneja watatu walipita pale kiwandani, na kila mmoja aliambiwa siku ya kwanza: ukiona sahihi ya Bi Koma chini ya ukurasa, lala usingizi.

Jambo moja hakumwambia mtu. Tangu alipoanza kazi ile, hakuwahi tena kusoma kitabu kwa raha yake.

Zamani alikuwa mraibu. Shuleni, bwenini, walikuwa marafiki watatu, na katika bweni zima palikuwa na riwaya moja tu, tena imechanika mapande matatu. Kila mmoja alichukua pande lake na kubadilishana. Siku moja Bi Koma alijificha na pande la mwisho nyuma ya kamba za kuanikia nguo, kengele ikagongwa, ikagongwa tena, yeye yuko ndani ya karatasi. Aliadhibiwa kudeki bwalo la chakula wiki nzima. Wenzake wakamfuata na ndoo zao kumsaidia, mradi awasimulie ilivyoishia. Aliposikia kwamba kuna kiwanda kinacholipa watu kwa kusoma, aliona Mungu amemchagua yeye. Kumbe asali ukiichota kila siku kwa ndoo, ulimi nao unachoka.

Wale marafiki wawili hawakumpotea. Mmoja alikuja kuwa mwalimu mkuu, na ingawa alikuwa amestaafu mapema, bado walimwita Mkuu kwa sababu bado aliamuru. Mwingine walimwita Dobi. Mumewe alifariki akamwachia mabinti watatu wadogo, naye akafungua chumba cha kufulia mashuka ya hoteli na nyumba za wageni, kwanza kwa mikono, baadaye kwa mashine mbili. Walikuwa na kundi lao kwenye simu, na humo, asubuhi moja, Mkuu akatuma ujumbe:

"Nimekodi nyumba kando ya ziwa, siku saba, mwisho wa mwezi ujao. Waume, watoto na wajukuu wabaki makwao. Kila mmoja achague kitabu kimoja, na vyote vitatu tuvisome kabla ya kwenda. Tutavizungumza kimoja baada ya kingine. Asiyesoma atapika siku zote saba, na vyombo juu yake."

Ulikuwa na nukta, koma, kila kitu mahali pake. Bi Koma aliutazama ujumbe ule, akalaza simu kifudifudi mezani.

Mkuu alichagua riwaya nene ya kurasa mia sita, habari za ukoo wa wajenzi wa madaraja. Bi Koma hakujua achague nini. Akasimama mbele ya meza ya muuza vitabu kama mtu aliyesahau alichotumwa, mwisho akachukua cha upelelezi kwa kuwa kilikuwa chembamba. Dobi alituma picha ya kitabu kidogo chenye jalada la kijani, na chini yake akaandika: "Hiki kilinishika mkono mwaka ule niliofiwa. Nimekisoma mara tano. Nataka tukizungumze, jamani, msinicheke."

Bi Koma alilitambua lile jalada. Alipokipata kitabu chenyewe akafungua ukurasa wa pili: kimepigwa chapa na kiwanda chao, miaka kumi na sita nyuma. Alikisoma yeye. Mara tatu, kama kawaida ya riwaya. Isipokuwa mwandishi, huenda hakuna aliyekisoma kabla yake. Akakaa akijaribu kukumbuka. Alikumbuka ugomvi na meneja juu ya alama za kunukuu. Alikumbuka kwamba kichwa cha sura ya nne kilipinda kidogo. Kuhusu watu waliomo, walifanya nini, nani alikufa, nani aliolewa, hakukumbuka hata chembe.

Kitabu kilichomshika mkono rafiki yake kilikuwa kimepita mikononi mwake kama mkate unavyopita kwenye mizani.

Siku hiyo akakata shauri. Vitabu vitatu, wiki sita. Atavisoma kama watu wanavyosoma.

Alianza na cha upelelezi, akakimaliza kwa siku nne. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, alikuwa anavua viatu mlangoni.

"Umemaliza? Haya, nani muuaji?"

Bi Koma akafungua mdomo. "Ukurasa wa themanini na tatu," akasema, "wameandika dhambi kwa z."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomwona mkewe hacheki, akanyamaza. Akakichukua kitabu akakipekua. Pembeni mwa kurasa palikuwa na alama za kalamu nyekundu, arobaini na moja, zimepangwa kama askari.

"Sijui nani muuaji," Bi Koma akasema. "Nimesoma chote, baba watoto. Sijui hata nani aliyeuawa."

Kesho yake akampa mumewe kalamu zote za nyumbani azifungie kwenye sanduku la spana. Akaanza kitabu cha madaraja. Kufika ukurasa wa ishirini, Fundi alikuta pembeni mwa karatasi vijialama vidogo vidogo kama mwezi mwandamo.

"Hivi ni nini?"

Bi Koma akaficha kidole gumba. Alikuwa akitia alama kwa ukucha.

Akakata kucha. Akajaribu kusoma kiwandani saa ya chakula, ameketi juu ya rimu za karatasi stoo, lakini pale hata harufu ya wino ilimwamrisha. Akajaribu kusoma haraka haraka, makosa yakamrukia usoni. Wiki mbili zikakatika, akawa ukurasa wa hamsini, na wale wajenzi wa madaraja bado walikuwa majina tu.

"Hebu niambie," akamuuliza mumewe Jumamosi moja mchana. Fundi alikuwa barazani, amefungua koki kuukuu tano na kuzipanga juu ya gazeti. "Ukialikwa kwa watu ukasikia bomba linavuja, unafanyaje usilisikie?"

"Nani kakwambia silisikii?" Fundi akasema. "Nalisikia vizuri. Najua hata washa gani, kile kipira cha ndani, imekufa. Lakini siku hiyo nimekwenda kula, sikwenda kuziba. Naliacha lidondoke."

"Linakuacha?"

"Haliniachi. Mimi ndiye naliacha." Akapuliza koki. "Ndiyo maana hata letu la jikoni linavuja."

"La jikoni linavuja kwa sababu ya uvivu wako. Mganga hajigangi."

"Basi nisomee hicho kitabu nipate nguvu ya kuliziba."

Alisema kwa utani, lakini Bi Koma akakichukua akaanza tena ukurasa wa kwanza, kwa sauti. Ukurasa wa tatu akakutana na neno lililokosewa, akasita.

"Endelea!" Fundi akasema. "Jamaa yuko juu ya nguzo, mto unajaa, wewe unasimama?"

Akaendelea. Huko mbele akasita tena, Fundi akapiga spana kwenye sakafu. Ikawa ndiyo dawa yenyewe. Macho yake yaliona kosa, lakini mtu alikuwa anasubiri, na huwezi kumwacha mtu juu ya nguzo kwa ajili ya herufi. Tangu hapo kila jioni akitoka kazini, wakati bado kuna mwanga barazani, alisoma na mumewe akifanya kazi zake. Fundi hakuwa msikilizaji wa kimya. Mwandishi aliposema maji yalipandishwa kilimani kwa bomba lisilo na pampu, akatupa kitambaa: "Huyu hajawahi kushika bomba maishani mwake!" Wakabishana. Babu wa ukoo ule alipomfukuza mwanawe, Fundi akakaza nati ile ile mara tatu. Ukurasa wa mia tatu na kumi Bi Koma alisikia sauti yake mwenyewe inakatika, akagundua kwamba analia, tena hajui karatasi hiyo ina makosa mangapi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, meneja akamwita. Meneja wa sasa alikuwa kijana mpole, mwenye kushika shavu akiwa na shida, na siku hiyo alishika yote mawili.

"Bi Koma, mama yangu, kuna vitabu vya shule vinane vimeingia ghafla. Hiyo likizo, tuisogeze."

"Haisogei."

"Wiki moja tu."

"Umeisaini mwenyewe, bosi. Tarehe ipo, jina lako lipo, na hata ulikosea mwezi nikakurekebishia."

"Sasa nani atasoma?"

"Vinne nitavimaliza kabla sijaondoka. Nitaingia saa kumi na mbili asubuhi. Vinne vitanisubiri. Ukiona haiwezekani, rula ile pale, kalamu ile pale. Wewe si umesoma?"

Meneja akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Kwa siku kumi Bi Koma alifika kiwandani kabla ya mlinzi kumaliza chai yake, na vitabu vinne vikatoka, kila ukurasa na sahihi yake. Jioni, barazani, madaraja yakaisha. Cha upelelezi akakirudia pia, safari hii akamjua muuaji mapema mno, akamlaumu mpelelezi kwa uzembe.

Kikabaki cha kijani.

Hicho alikisoma peke yake, Jumapili, Fundi akiwa ameitwa kwenye tangi lililopasuka. Alitaka kujua kama anaweza bila mtu wa kumpigia spana. Kilikuwa kisa cha dada wawili yatima walioachiwa mtumbwi wa kuvushia watu ziwani. Alikisoma polepole, mkono mmoja ameukalia. Kosa dogo ukurasa wa tisa akaliona, akaliacha lidondoke. Kufika mchana alikuwa amesahau kwamba ameukalia mkono.

Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili dhoruba ilizuka, mtumbwi ukashindwa kuvuka, na mdogo mtu akasimulia hivi: *Upepo ulivuma siku mbili. Tukakaa ufukweni, mimi na dada, mpaka maji yakatulea.*

Bi Koma akasimama.

Yakatulea. Mwandishi gani angesema hivyo katikati ya dhoruba? Ilitakiwa yakatulia. Herufi moja, e mahali pa i. Na lile halikuwa kosa la mtu mwingine.

Jumatatu aliingia stoo ya kiwanda, akapanda ngazi mpaka rafu ya juu ambako mafaili ya zamani yalilala na vumbi lake. Akaipata karatasi ya mwandishi, iliyopigwa kwa taipu: yakatulia. Akaipata prufu: yakatulea. Na chini ya prufu, kwa wino mwekundu uliofifia kidogo, sahihi yake. Akarudisha faili mahali pake. Hakumwambia mtu.

Nyumba ya ziwani ilikuwa na vitanda vitatu, meza ndefu ya mbao, na baraza iliyoshuka kwa ngazi sita mpaka kwenye maji. Siku ya kwanza walilala kama mizigo. Siku ya pili wakazungumza kitabu cha Mkuu kutoka chai ya asubuhi hadi mchana, na Bi Koma akaongea kama aliyefunguliwa kizibo. Alimtetea yule babu aliyemfukuza mwanawe. Mkuu akampinga. Wakapandishiana sauti mpaka Dobi akasema majirani watadhani ni ugomvi wa mirathi.

"Huyu ndiye yule wa nyuma ya kamba za nguo," Mkuu akasema, akimnyooshea kijiko. "Nilidhani tulishampoteza."

Siku ya nne ikawa zamu ya kitabu cha kijani. Walikaa kwenye ngazi, miguu majini. Dobi akakifungua bila kutazama, kikafunguka chenyewe pale pale.

"Nataka niwaambieni kwa nini nakipenda," akasema. "Mwaka ule nafua kwa mikono, maji ya baridi, ngozi inatoka. Nikafika hapa: mpaka maji yakatulea. Nikasema, kumbe kuna mtu anajua. Nikachukua maka peni nikaiandika ukutani, juu ya mabeseni. Ipo mpaka leo, kule ndani msikoingia. Mabinti zangu wamejifunzia kusoma pale."

Bi Koma angeweza kunyamaza, maana Mkuu alikuwa amekwisha kuanza kusema kitu kingine. Lakini hakuja mpaka pale ili afiche jambo.

"Shoga yangu," akasema, "hilo neno ni kosa. Aliandika yakatulia. Niliangalia karatasi yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyesoma prufu, likanipita."

Mkuu akamgeukia. "Kulikuwa na haja gani ya kusema?"

Dobi aliinuka, akapanda jikoni, wakasikia vyombo vikioshwa kwa hasira, tena vyombo vilivyokuwa safi. Bi Koma akamfuata, akasimama mlangoni.

"Uliisoma mara ngapi?" Dobi akauliza bila kugeuka.

"Mara tatu."

"Na wewe, Koma mzima, ikakupita?"

"Ikanipita."

"Unataka nikaifute ukutani?"

"Sijasema uifute."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka ujue. Umeniletea kitabu chako kwa moyo mweupe. Mimi ningekaa pale nikitikisa kichwa, na ndani najua. Ningekuwa nakudanganya kwa siku tatu zilizobaki, na kila nikija kwako nikaona ule ukuta."

Dobi alisugua sufuria mpaka mkono ukachoka. Siku hiyo wakala kila mtu na kona yake. Mkuu alijaribu kuchekesha, akashindwa, akaenda kulala na jua bado liko juu.

Asubuhi Dobi alimkuta Bi Koma barazani. Akamwekea kitabu mapajani.

"Nisomee. Sura nzima. Kwanza kwa neno la mwandishi, halafu kwa hilo lako."

Bi Koma akasoma. Alisoma dhoruba, upepo, dada wawili waliokumbatiana chini ya turubai, mpaka maji yakatulia. Akarudi mwanzo wa sura, akasoma yote tena, mpaka maji yakatulea. Mkuu alikuwa amesimama dirishani na mswaki mdomoni, hasogei.

Dobi alikaa akitazama ziwa. Mikono yake, mipana na yenye mikunjo kama ya mtu aliyetoka majini sasa hivi, ilikuwa juu ya magoti.

"La mwandishi ni sahihi," akasema mwisho. "Kwa wale dada, ndivyo ilivyokuwa. Upepo umekwisha, wanapanda mtumbwi wao." Akavuta pumzi. "Lakini mimi maji yangu hayajawahi kutulia hata siku moja, na mabinti wangu wamekua. Ukutani halifutwi."

"Sawa."

"Na usinipe pole."

"Sikupi."

"Ila chai leo utapika wewe. Na kesho."

Bi Koma akapika chai siku zote zilizobaki, ingawa vitabu alivisoma vyote vitatu. Siku ya kuondoka, mwenye nyumba aliwaambia waache mashuka vitandani, yatafuliwa. Dobi akamtazama kama amemtukana. Wakayafua wenyewe, wakayakamua wawili wawili, Mkuu akiwa wa kutoa amri, mpaka kamba yote ikajaa meupe.

Aliporudi kiwandani Bi Koma alikwenda moja kwa moja kwa meneja, kabla hajaweka mkoba. Akasema kwamba kuanzia sasa kila kitabu apewe siku moja zaidi: baada ya kusahihisha, atakisoma mara ya mwisho bila kalamu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyekinunua. Makosa mengine, akasema, ni maana pekee inayoyaona. Meneja akashika shavu, akasema haiwezekani. Wiki iliyofuata akaombwa tena, akasema atafikiria. Mara ya tatu Bi Koma alimwekea mezani ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, prufu na karatasi ya mwandishi, na sahihi yake mwenyewe chini. Meneja akausoma, akausoma tena, akamtazama.

"Siku moja," akasema. "Isizidi."

Kitabu cha kwanza cha utaratibu huo kilikuwa cha hesabu za shule ya msingi. Bi Koma alifunga mlango, akaweka kalamu ndani ya droo, akakisoma chote, pamoja na majibu.